Je, Cape Town ina joto mwaka mzima?
Wasafiri wengi wa Afrika Mashariki huamini kwamba Cape Town, kwa kuwa ni jiji la pwani barani Afrika, ina joto mwaka mzima kama Mombasa. Hata hivyo, jiji hilo liko karibu na latitudo ya 34 kusini, na mvua zake nyingi hunyesha majira ya baridi, Juni hadi Agosti, ambapo usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Sweta na koti la mvua ni vya lazima. Desemba hadi Februari ni kiangazi kikavu, ingawa upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu (kofia pana haidumu kichwani) na bahari hubaki baridi. Anayetaka kuhakikisha na alinganishe wastani wa joto na mvua wa kila mwezi.