Kughani ni nini? Sauti ya shairi kati ya usemi na wimbo

Kughani ni kulitoa shairi kwa sauti yenye mahadhi bila kufika kwenye kuimba. Anayelisoma shairi kama taarifa ya habari haghani. Anayeliimba mpaka muziki ukalifunika, naye haghani. Mghani yuko katikati: sauti yake inapanda na kushuka kwa mpango, lakini kila neno linasikika, na msikilizaji anaondoka na maana. Katika fasihi simulizi kuna utanzu mzima uitwao maghani, na ndani yake zimo tendi pamoja na majigambo, kama vile vivugo vya Wahaya.

Kwetu Tanga kazi hii ni ya zamani. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, malenga wa hapa, alitunga utenzi mrefu juu ya vita vya Wajerumani walipoitwaa Mrima, yaani pwani ya bara, mwishoni mwa karne ya 19. Tungo za namna hiyo zilikuwa za kusikilizwa na watu waliokaa pamoja. Hata Shaaban Robert (1909–1962), ambaye wengi tumemsoma kimyakimya darasani tukiwinda tamathali za semi za kujibia mtihani, alipima mizani zake, yaani hesabu ya silabi, kwa sikio. Msome kwa sauti uone maneno yanavyojipanga mdomoni.

Shairi la arudhi, yaani lile linalofuata kanuni za vina na mizani, kwa kweli huja na maelekezo yake ya kughaniwa. Mshororo wa kawaida una mizani 16 zilizogawanyika katika vipande viwili, ukwapi na utao, nane kwa nane, na kila kipande kinaishia na kina, ile silabi ya mwisho inayofanana mshororo hadi mshororo. Chukua mishororo hii niliyoitunga kwa ajili ya mfano:

Bahari imechafuka, mashua haina tanga,
Nahodha ameshachoka, usukani unagonga.

Mizani 16 zinatosha pumzi moja ya mtu mzima asiye na haraka. Mghani anavuta hewa kabla ya "Bahari", anatua kidogo kwenye "imechafuka" bila kuvuta nyingine, kisha anakwenda moja kwa moja hadi "tanga". Hapo ndipo anapumua. Anayeanza huishiwa kwenye "mashua", akakatika, na "haina tanga" ikaja peke yake kama habari ya chombo kingine. Kupaza sauti hakumsaidii. Avute hewa ifike tumboni, mabega yametulia, na asitumie nguvu zote kwenye maneno mawili ya mwanzo.

Kuhusu vina, waghani hawaghani namna moja. Wapo wanaovuta kina cha mwisho mpaka sauti inatetemeka, na wapo wanaokikata hapo hapo kama mtu aliyefunga mlango. Mimi naona kina cha kati kiguswe tu, na cha mwisho kivutwe pale maana inapokamilika. Ukivivuta vyote kwa urefu uleule, ukifika ubeti wa tatu watu wameshatoa simu mfukoni.

Mahadhi ndiyo sehemu yenye utamu, na ndiyo isiyoandikwa popote kwenye karatasi. Ile mashua isiyo na tanga inaweza kughaniwa kwa sauti ya chini na ya taratibu, ikawa maombolezo ya wavuvi. Ighani kwa wepesi, utue sekunde moja zaidi baada ya "nahodha", umtupie jicho mtu fulani safu ya mbele, na ukumbi mzima utajua kwamba hapa hakuna mashua wala bahari. Huenda ni ndoa ya mtu, huenda ni uongozi wa chama. Watu wa pwani wamelelewa na mafumbo, na Tanga iliyosikiliza taarabu miaka yote hii haihitaji kufafanuliwa. Shairi linampa mghani fumbo, na sauti yake inaamua fumbo limwendee nani. Kwa hiyo kabla ya kuchagua mahadhi, amua kwanza unamwambia nani. Wengi huanza na mahadhi mazuri waliyoyasikia kwa mtu mwingine, wakayavika shairi lolote, na shairi la msiba likatoka kama la harusi.

Mahadhi yana hatari moja ya kiufundi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na sauti ya kughani hupenda kuuhamisha. Mara nyingi haidhuru. Lakini "barabara" yenye mkazo kwenye silabi ya tatu ni njia ya magari, na yenye mkazo kwenye silabi ya pili ni sawasawa kabisa. Ukiona mahadhi yanalipinda neno, badilisha mahadhi.

Kibwagizo, ule mshororo wa mwisho unaorudiwa kila ubeti, ni mali ya wasikilizaji. Kighani polepole mara mbili za mwanzo ili wakishike, kisha waachie utao wake wamalizie wao.

Ngonjera ni jambo la karibu: ushairi wa kujibizana, ambao mshairi Mathias Mnyampala aliukuza katika miaka ya 1960. Kwa waghani wawili wanaosikilizana ni sanaa kubwa. Kwa watoto ishirini wamepangwa mbele ya mgeni rasmi, wakipiga kelele kwa mdundo mmoja huku mikono ikipanda na kushuka pamoja, ndipo wengi wetu tulipojifunzia ule mwimbo wa shuleni ambao huchukua miaka kuutoa kooni.

Mashairi huru ya vijana wa majukwaani hayana vina wala mizani za kumwongoza mtu, kwa hiyo mghani ajiwekee alama mwenyewe: achukue penseli, apige mstari kila atakapopumua na kila atakaponyamaza. Wengi hudhani uhuru wa shairi ni ruhusa ya kukimbia, wakamaliza kurasa mbili kwa dakika moja. Afadhali pia shairi liwe kichwani, kwa sababu karatasi huinamisha shingo, na shingo ikiinama sauti inakwenda sakafuni.

Kipaza sauti kikae umbali wa kiganja, pembeni kidogo ya mdomo, maana "p" na "b" hupasua spika. Ukitaka kunong'ona, sogea. Ukitaka kupaza, rudi nyuma nusu hatua. Na ikiwa umeme umekatika, ukumbi ni wa bati na mvua ya masika imeanza, ghani beti mbili zilizo bora, ukae.