Mzazi, hayo maneno magumu usiyaruke

Wiki hii tena mzazi kaja na Princess Prunella and the Purple Peanut, kitabu cha watoto cha Kiingereza cha yule mwandishi wa Kanada Margaret Atwood, ananiambia, "Mwalimu, kitabu kizuri ila maneno yamemzidi mtoto, kwa hiyo nikimsomea yale magumu nabadilisha naweka mepesi." Hili nimelisikia mpaka limenichosha, na kila mara naumia kwa ajili ya mtoto.

Ukibadilisha maneno, kitabu umekimaliza. Kisa chenyewe ni cha kawaida tu, binti mfalme anayejipenda mno anamfanyia ujeuri bibi mwenye hekima, basi karanga ya zambarau inamwota puani. Utamu uko kwenye p. Karibu kila neno zito linaanza na p, na p inatengenezwa na midomo, inafunga, pumzi inajaa, inapasuka, mtoto anaisikia na anaiona usoni kwako. Sasa wewe ukichomeka neno jepesi la s hapo katikati, mdundo umekatika na mtoto anageukia mto wake. Maana ataipata tu! Sisi wenyewe tulisema "wale watoto wa liwali wala wali wa liwali" mbio mbio tukicheka, na wengi wetu liwali ni nani hatukumjua, tulipokuja kujua ni cheo neno lilishakuwa letu zamani.

Mimi nasema hivi: soma polepole, midomo ifanye kazi, na usieleze neno lolote siku mbili za mwanzo. Siku ya tatu nyamaza kabla ya neno moja gumu umwangalie. Utashangaa, atalitamka yeye.

Mengine wanayosema watu juu ya vitabu hivi niyapitie haraka. Eti hizi p zinazojirudia ni vina. Hapana, vina viko mwisho, hii ni takriri, sauti inarudi mwanzoni mwa maneno, na hadithi hizi ni nathari si shairi. Eti Atwood aliamua kuandikia watoto baada ya kupata jina kwa The Handmaid's Tale. Riwaya hiyo ni ya 1985, wakati Up in the Tree cha watoto kilitoka 1978, na picha kachora mwenyewe. Hivi vya takriri ndo vilikuja baadaye, Prunella 1995, Rude Ramsay 2003, Bashful Bob 2004, Wenda 2011.

Halafu kuna wanaosema Kiswahili takriri tunayo bure, si unaona kitabu changu kizuri kimechanika? Huo ni upatanisho wa sarufi, ki- inajirudia kwa sababu ya ngeli, sikio limeshauzoea halishtuki tena. Takriri inatakiwa kwenye mzizi wa neno, na hapo mfasiri anapata kazi kweli kweli. Yule Bob wa Bashful Bob kalelewa na mbwa, zikachaguliwa aina za boxer, beagle na borzoi kwa ajili ya b, wewe ukiandika mbwa tu tayari m imetangulia. Anayetaka kujaribu ningemshauri aanze na Wandering Wenda, kwa sababu w za kwenye mzizi tunazo, wingu, wimbi, waza, winda, na huyo msichana ni wa kutangatanga, na jina lake kwetu linasomeka wenda, yaani unakwenda.