Je, wajua kwa nini mtu mwenye nia njema huvunja ahadi?

Mtu akituahidi jambo kisha asilitimize, majina ya kumwita hayachelewi: kigeugeu, ndumilakuwili, mtu asiye na neno. Tunakumbushana kwamba ulimi hauna mfupa. Majina haya yote yamebeba hukumu moja: huyu hakukusudia tangu mwanzo, au alikusudia nusunusu. Angekuwa anatujali, angetimiza.

Hukumu hiyo inaingia akilini kwa urahisi, na ndiyo maana imeshika mizizi. Lakini ujali na utimizaji haviendi sambamba kama tunavyodhani. Mwaka 2011 wanasaikolojia Johanna Peetz na Lara Kammrath walichapisha utafiti kuhusu ahadi wanazopeana wapenzi. Walitaka kujua ni nani anayeahidi makubwa, na ni nani anayetimiza. Waliowapenda sana wenzao na kutamani mno kuwaridhisha ndio walioahidi makubwa kuliko wengine wote. Ulipofika wakati wa kutimiza, hawakuwapita wengine hata kidogo. Kilichoonyesha nani atatimiza kilikuwa kitu kingine kabisa: uwezo wa mtu kujisimamia, yaani kupanga mambo yake, kujizuia, na kumaliza alichokianza.

Matokeo hayo yanafaa kusomwa mara mbili. Mapenzi huikuza ahadi, lakini hayakuzi uwezo wa kuitimiza. Kwa hiyo anayependa zaidi ndiye anayejiweka kwenye hatari kubwa zaidi ya kupungukiwa, na mwenzake aliyevunjika moyo husema, "Angenipenda angekuja," wakati huenda ni mapenzi hayo hayo yaliyomfanya aahidi asichokiweza. Utafiti huu ulihusu wapenzi, tusiuvute hadi kwenye ahadi za kampeni au za mikopo. Hata hivyo unatosha kututia shaka kila tunapotaka kusoma moyo wa mtu kwa kutazama ahadi moja iliyokwama.

Kumbe tunawatia kapu moja watu watatu tofauti. Yupo aliyehadaa: alisema "ndiyo" huku akijua ni "hapana". Yupo aliyeghairi: nia alikuwa nayo, kisha akaibadili kwa sababu anazozijua. Na yupo ambaye hajaghairi kabisa. Nia anayo mpaka siku yenyewe, anajiandaa kwenda, na jua linazama hajaenda. Kwa huyu wa tatu ndiko hukumu yetu inakopotoka.

Chukua mfano. Dada yako anakupigia simu: anahama baada ya wiki sita, utakuja kumsaidia kufunga vitu? Unafungua kalenda ya simu. Jumamosi hiyo ni tupu, haina hata alama. Unamjibu, "Nitakuja dada, tena asubuhi na mapema." Hujamdanganya, kalenda yenyewe imekwambia hivyo.

Mlima ukiutazama kwa mbali huwa kitu kimoja, laini, cha rangi ya buluu. Unaona kilele, na unaona kama njia ya kukifikia imenyooka. Ukiukaribia, ule ulaini unapasuka: kuna bonde la kushuka kabla ya kupanda, miamba ya kuzunguka, vijito vya kuvuka, vichaka vya miiba. Vyote vilikuwapo tangu ulipokuwa mbali, umbali ndio uliovificha. Jumamosi ya wiki sita zijazo inaonekana vivyo hivyo. Kilele unakiona vizuri: kumsaidia dada. Usichokiona ni nguo za kufua, mtoto aliyeamka na homa, kazi ya ofisini iliyovuka Ijumaa, na mwili uliochoka wiki nzima. Mambo hayo hakuna anayeyaandika kwenye kalenda, na ndiyo yanayokula siku.

Mwaka 2005 Gal Zauberman na John Lynch walionyesha kwamba watu hutarajia kuwa na nafasi kubwa zaidi siku za mbele kuliko waliyo nayo leo, na kwamba kosa hilo ni kubwa kwa muda kuliko kwa pesa. Maelezo waliyoyatoa yanapendeza. Pesa ni ile ile kila mwezi, na upungufu wake hutufundisha. Muda huliwa na kitu tofauti kila siku, kwa hiyo hatuoni mtindo wa kujifunza: leo ni homa, kesho ni foleni, na kila kimoja kinaonekana ajali ya mara moja.

Hapo ndipo penye ajabu kubwa, kwamba uzoefu hautuokoi. Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross, katika utafiti wa mwaka 1994, waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu watamaliza tasnifu zao baada ya siku ngapi. Kwa wastani walisema siku 34. Waliambiwa wakadirie pia iwapo kila kitu kingekwenda vibaya kadiri inavyowezekana, wakasema karibu siku 49. Walimaliza kwa siku 55 na nusu. Yaani hata picha yao mbaya kabisa ilikuwa na matumaini kupita kiasi. Katika jaribio jingine la watafiti hao, watu walipokuwa wakikadiria, mawazo yao yalikuwa kwenye mpango wa mbele, na ni mara chache yaligeukia yaliyowahi kuwapata.

Wahadaifu wapo pia, na haifai kuwafunika kwa maelezo haya. Mwaka 2009 Thomas Baumgartner, Urs Fischbacher na Ernst Fehr walichunguza ubongo wa watu waliokuwa wakicheza mchezo wa pesa wenye ahadi ndani yake. Kwa baadhi yao, dalili za kuvunja ahadi zilionekana kwenye ubongo tangu pale walipokuwa wakiahidi. Huo ni mchezo wa maabara na washiriki wachache. Hauwezi kukusaidia kumtambua mhadaifu sebuleni.

Kwa yule wa tatu, kinachosaidia kimepimwa. Mwaka 1997 Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter waliwaomba wanafunzi waandike taarifa ya jinsi walivyoutumia mkesha wa Krismasi, ndani ya saa 48 baada ya tukio. Nusu yao walitakiwa pia kutaja wataandika wakati gani hasa na wakiwa wapi. Waliotaja, karibu robo tatu waliandika. Wasiotaja, waliofanya hivyo walikuwa karibu theluthi moja tu. Huenda kutaja saa na mahali humsogeza mtu karibu na siku yenyewe, akaanza kuyaona yale aliyokuwa hayaoni. Ndiyo maana dada akiuliza, "Utafika saa ngapi, na utakuwa unatokea wapi?" anapata msaada zaidi kuliko akiuliza, "Kweli utakuja?" Swali la pili hupima nia, na nia ilikuwapo tangu mwanzo.