Damu puani mwa marehemu haimtaji muuaji

Wiki iliyopita nimeulizwa tena. Safari hii ni mdogo wake marehemu, amesimama mlangoni pa mochari na shati jeupe la kuagia mwili, ananiambia kwa sauti ya chini: "Daktari, ametoka damu puani mke wake alipomkaribia. Sisi tunajua maana yake." Nimefanya kazi ya patholojia, ya kuchunguza maiti, hapa Mombasa miaka kumi na minane, na kama kuna neno moja ningependa lisisemwe tena mbele ya jeneza, ni hilo.

Niwaeleze nilichokiona. Marehemu alikuwa amelala kwenye friji siku tisa, familia ikichanga pesa za kumsafirisha Taita. Posmotem ilishafanyika na jibu lilikuwa wazi: presha ya miaka mingi, mshipa umepasuka kichwani. Asubuhi ile vijana wanne walimtoa, wakamvisha suti, wakamnyanyua upande wa miguu ili aingie vizuri kwenye jeneza. Kichwa kikainama, kifua kikabanwa. Mjane akasogea kwa kuwa yeye ndiye mjane. Nani mwingine angesogea wa kwanza? Pamba iliyokuwa puani ikageuka rangi, kutoka nyeupe ikawa ya kahawia, kisha tone moja likateremka hadi kwenye satini ya mto. Wifi mtu akapiga yowe: "Amemwona aliyemuua!" Gari lilipoondoka, yule mama hakuwemo. Alifuata kwa basi la jioni na mtoto wake mdogo mapajani.

Majimaji yale hayakuwa damu ya jeraha. Moyo ukisimama, bakteria wa utumboni hawasimami. Wanaendelea kula, na sasa chakula chao ni mwili wenyewe. Wanatoa gesi, tumbo linajaa, kiwambo, yaani msuli unaotenga tumbo na kifua, kinasukumwa juu, mapafu yanabanwa, na majimaji yaliyomo yanatafuta mlango. Milango iliyopo ni mdomo na pua. Yana rangi nyekundu iliyoiva au ya kahawia kwa sababu chembechembe za damu zimeshapasuka na kumwaga rangi yake humo. Ni mepesi, hayagandi, na yana harufu ambayo hakuna anayeizoea. Friji inachelewesha kazi hiyo, haiikomeshi. Na kwa joto na unyevu wa Mombasa, mwili uliokaa nyumbani tangu usiku hadi adhuhuri kabla ya kuletwa kwetu umeshaanza safari hiyo zamani.

Kwa nini basi yatoke siku ya kuaga? Kwa sababu ndiyo siku mwili unatolewa kwenye baridi, unageuzwa, unavishwa, unanyanyuliwa. Yangetoka hata kama aliyesimama karibu ni mchungaji. Ndugu zetu Waislamu huzika siku hiyohiyo au kesho yake, kwa hiyo habari hii naisikia zaidi kwetu Wakristo, tunaoweka mwili wiki mbili tukingoja mchango, tukingoja aliye ng'ambo apate tiketi.

Imani yenyewe ni ya kale na haikuanzia kwetu. Katika Ulaya ya Kikristo mshukiwa aliletwa aiguse maiti, na ikitoka damu, kesi imekwisha. Mfalme James wa Scotland, ambaye baadaye alitawala na Uingereza, aliitetea kwa kalamu yake mwenyewe mwaka 1597. Walioiamini waliegemea Mwanzo sura ya 4, Mungu anapomwambia Kaini kwamba damu ya nduguye inamlilia kutoka ardhini, na nimesikia wahubiri wa hapa mjini wakiegemea papo hapo. Isomeni taratibu. Damu inamlilia Mungu, na ni Mungu anayemhoji Kaini. Hakuna aya inayosema pua ya marehemu itatoa ushahidi mbele ya ukoo.

Filamu nazo zimeyafunza macho yetu vibaya. Kila anayekufa kwenye skrini hutokwa na mstari mwembamba wa damu pembeni mwa mdomo, awe amepigwa risasi ya tumbo, ameanguka ghorofani au amenyweshwa sumu. Mtu aliyekua akiangalia hayo, akiona tone puani mwa kaka yake, anaona filamu. Sumu nyingi hazitoi damu popote. Zile dawa za kuua wadudu shambani, za jamii ya oganofosfeti, dalili zake ni mate kumwagika, povu, jasho, mboni za macho kusinyaa kama ncha ya sindano. Na hata hapo hatuamui kwa kutazama. Tunachukua damu, mkojo, kipande cha ini na figo, vilivyomo tumboni, maji ya jicho, tunapeleka kwa Mkemia wa Serikali.

Hapa ndipo ninapoomba, na ningependa lisomwe kanisani kama tangazo: kama mna shaka yoyote, semeni kabla ya mwili kudungwa dawa ya kuuhifadhi. Kuna familia hukimbilia formalini siku ya kwanza kwa kuwa mwili unasafiri bara, halafu siku ya kumi wanauliza habari za sumu. Dawa hiyo imeshaifukuza damu mishipani, imebadilisha kemia ya viungo, na mara nyingi ina methanoli ndani yake, kwa hiyo hata swali la kama marehemu alikunywa pombe linakuwa gumu kujibu. Friji kwanza. Posmotem. Ndipo dawa. Mkitaka daktari wenu asimame ndani ashuhudie, mleteni. Mimi humkaribisha kila mara.

Jirani wa dhana ya damu puani ni ile ya "alipigwa, mgongo wote umevilia." Damu isiyosukumwa na moyo hushuka upande wa chini kama maji kwenye ndoo. Aliyelala chali atakuwa na mabaka ya zambarau mgongoni, isipokuwa pale palipokandamizwa na kitanda, ambapo hubaki peupe. Baada ya muda wa saa nane hadi kumi na mbili hivi tangu kifo mabaka hayo hayahami tena. Tukitilia shaka tunachana ngozi: damu ya pigo imeingia kwenye nyama na haisafishiki, ya mabaka ingali ndani ya mishipa na inaoshwa ikaondoka. Na rangi ya kijani inayoanza chini ya tumbo upande wa kulia, ambayo watu huniambia ni sumu, huanzia pale kwa sababu hapo ndipo utumbo mpana unapoanzia na bakteria ni wengi.

"Alikufa saa ngapi?" Hili nalo limetoka kwenye runinga, daktari anainama, anagusa shingo, anasema saa nne na robo. Siwezi, na sijamwona anayeweza. Kanuni za kupoa kwa mwili zilipimwa kwenye nchi za baridi. Chumba cha Kongowea kisicho na feni mwezi Machi kina nyuzi thelathini na zaidi, mwili una thelathini na saba. Utapoa uelekee wapi? Kukakamaa nako, ambako huanzia taya na shingo ndani ya saa chache, kwenye joto huja upesi na kuondoka upesi. Nitawapa kipindi, tuseme kati ya jioni na alfajiri, na atakayewapa dakika msimwamini.

Majibu ya DNA, yaani vinasaba, nayo hayatoki kabla ya tangazo la biashara kama kwenye runinga. Waliofuatilia msitu wa Shakahola, kule Kilifi, walikozikwa waumini wa dhehebu waliofunga hadi kufa, wanajua. Ufukuaji ulianza Aprili 2023, ikapatikana miili zaidi ya 400, na ya kwanza ilikabidhiwa familia Machi 2024. Mwili uliooza hautoi DNA kirahisi, na hata ikitoka haina maana mpaka apatikane mzazi, mtoto au ndugu wa kulinganisha naye. Wako waliozikwa kule familia nzima, mzazi na watoto, na hapo ni lazima umtafute jamaa wa mbali. Hilo linachukua muda.

Kina mama wa kanisani huniuliza, na huuliza kwa machozi, kama waliyempasua atafufuka. Nawajibu nikiwa muumini. Kanisa Katoliki, kwenye Katekisimu, linakubali posmotem kwa ajili ya uchunguzi wa sheria na utafiti, na tangu 1963 halikatazi kuchoma maiti isipokuwa mtu awe amefanya hivyo kwa kupinga imani. Mwaka 177 watesi wa Wakristo wa Lyon waliichoma miili ya mashahidi na kutupa majivu mto Rhône, makusudi, ili wasifufuke. Walioamini kwamba mwili ukiharibiwa Mungu atashindwa walikuwa ni wale wauaji. Sisi tukimaliza tunarudisha viungo, tunashona, tunaosha, na akishavikwa nguo mshono hauonekani.

Kucha na nywele hazioti baada ya kifo. Ngozi inakauka na kurudi nyuma, kucha zinaonekana ndefu, na kidevu kilichonyolewa kinaonekana kina vinyweleo.

Na picha ya muuaji haibaki machoni. Aliyeipa habari hiyo nguvu ni mwanasayansi Wilhelm Kühne wa Heidelberg, Ujerumani, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1870 alimweka sungura akitazama dirisha, akamuua papo hapo, akalitibu jicho kwa dawa na kupata umbo la dirisha lile. Mwaka 1880 alijaribu kwa jicho la mtu aliyekatwa kichwa kwa hukumu, akapata kivuli kisichosomeka. Mwaka jana kijana mmoja aliniletea simu yake, akaniomba nilipige picha jicho la baba yake ili aikuze. Nililifunga jicho taratibu kwa kidole, nikamrudishia simu, tukakaa pale kibarazani hadi alipoweza kuzungumza.