Magurudumu ya Kriteriamu: Tairi Kwanza, Uzito Baadaye

Waendeshaji wanaojiandaa kwa kriteriamu, yaani mbio za mizunguko mifupi yenye kona nyingi, hufika kwenye karakana yangu hapa Kisumu wakiuliza kwanza uzito wa magurudumu. Mimi huwauliza wanapita kona kwa kasi gani, kwa kuwa nguvu nyingi za mbio hizi hutumika pale mtu anapotoka konani na kulazimika kuongeza mwendo upya, kona baada ya kona, kwa muda unaokaribia saa nzima.

Hesabu yake iko wazi. Nishati ya mwendo hufuata kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo anayetoka konani kwa kilomita 35 kwa saa, akitaka kufikia 45, huhitaji nishati pungufu kwa karibu asilimia 29 kuliko aliyetoka kwa kilomita 30. Rimu nyepesi haiwezi kukupa faida hiyo. Gramu 300 zikipunguzwa kwenye rimu huhesabika kama 600 hivi, maana uzito huo husonga mbele huku ukizunguka, lakini ikiwa mwendeshaji na baiskeli yake wana jumla ya kilo 75, hiyo haifiki hata asilimia 1. Kwa sababu hiyo nashauri fedha za kwanza zinunue tairi bora zenye upana wa milimita 28, zenye mpira laini unaoshika lami, na zisijazwe upepo kupita kiasi, kwa sababu tairi ngumu mno hurukaruka kwenye lami yenye viraka na kupoteza mshiko katikati ya kona.

Kina cha rimu, yaani kimo chake kutoka kwenye tairi kuelekea katikati ya gurudumu, kina umuhimu wake, hasa kwa anayependa kujitenga na kundi, kwani rimu yenye kina hukata hewa vizuri zaidi, na kasi ikiongezeka maradufu, nguvu ya kushinda hewa huongezeka mara 8. Milimita 40 hadi 50 zinatosha. Hapa kwetu, hata hivyo, upepo wa ziwani huvuma alasiri na kusukuma gurudumu la mbele kutoka ubavuni, nami huweka rimu yenye kina kidogo zaidi mbele kwa mwendeshaji mwepesi.

Kuhusu spoki, mwendeshaji mzito achukue 28 nyuma badala ya 24, na za aina inayopatikana madukani. Akague pia gurudumu la akiba kabla ya siku ya mbio: idadi ya gia na ukubwa wa diski ya breki vilingane na vya baiskeli yake.