Udongo wa Kinangop: maji yanakwama wapi?

Kila masika naletewa swali lile lile kutoka Kinangop: kabichi zimegeuka njano, mbolea imetiwa, ikaongezwa, na njano haijaondoka. Nami huuliza kitu kimoja: umechimba? Sisemi kuparura kwa jembe la palizi. Nasema shimo la kufika kiunoni, lenye ukuta ulionyooka, uingie ndani uutazame. Katika udongo wa aina hii, karibu kila kinachokusumbua juu kina sababu yake kwenye ukuta huo.

Uwanda wa Kinangop, katika kaunti ya Nyandarua, uko kati ya mita 2,400 na 2,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Mashariki yake imesimama safu ya Aberdare, ambako kilele cha Ol Donyo Lesatima kinafika mita 4,001. Magharibi ardhi inakatika ghafla na kushuka Bonde la Ufa, Ziwa Naivasha likionekana huko chini. Wageni wengi hudhani kwamba nchi ya milimani haiwezi kutuamisha maji. Inatuamisha sana. Uwanda wenyewe ni tambarare, umejengwa kwa majivu ya volkano za kale, na mvua ikishuka pale haina njia ya haraka ya kuondoka. Ukipanda kidogo kuelekea msituni unakutana na udongo mwekundu, wenye kina, unaokunywa maji bila shida. Ukirudi tambarare, mwendo wa kilomita chache tu, uko katika nchi nyingine.

Sehemu kubwa ya udongo wa tambarare hiyo tunauita planosoli, yaani udongo mwepesi uliokalia mfinyanzi mzito. Duniani planosoli zinakadiriwa kufunika hekta milioni 130 hivi, zikiwemo za kusini mwa Brazili, Paraguay, Australia na sehemu za Afrika. Nyingi ziko nchi za chini zenye joto. Hizi zetu ziko kwenye baridi, kunakoanguka jalidi, na baridi ina maana yake: maji hayakauki upesi juani, kwa hiyo unyevu uliokwama hukaa.

Sasa tuingie shimoni. Sentimita 20 au 30 za juu ni udongo wa kahawia iliyoiva, laini, wenye mizizi tele. Ukiufikicha kwenye kiganja unavunjika vizuri. Chini yake kuna tabaka jembamba lililopauka, la kijivu, lenye vistari vya rangi ya kutu vinavyofuata njia za mizizi. Halafu, bila kuaga, unagonga udongo wa mfinyanzi. Pitisha kisu ukutani kutoka juu kwenda chini: kinateleza, kinateleza, kisha kinagoma. Mahali kilipogomea unaweza kupaweka kidole. Huo mpaka mkali ndio alama ya planosoli. Udongo mwingine nao huongeza mfinyanzi kadiri unavyoshuka, lakini kwa taratibu. Hapa kiasi cha mfinyanzi kinaongezeka maradufu au zaidi ndani ya sentimita chache. Tabaka la chini lina rangi ya kijivu yenye mabaka ya njano na chungwa, na karibu na mpaka mara nyingi unaokota vidonge vyeusi vigumu, vikubwa kama punje za minji. Vidondoshee haidrojeni peroksaidi, ile ya kusafishia vidonda. Kidonge kikitoa povu kwa fujo, kina madini ya manganizi.

Watu huuchanganya udongo huu na ule mweusi wa Mwea au wa nyanda za Athi. Ule mweusi ni mfinyanzi tangu juu, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono, kwa hiyo haumdanganyi mtu. Wa Kinangop unadanganya. Mnunuzi wa shamba anayekuja Januari, akapiga jembe mara mbili tatu na kuona udongo mwepesi unaofumuka, anaondoka ameridhika. Angeshuka sentimita 40 angeongea bei upya.

Mvua zikikolea, tabaka la juu linajaa. Maji hayawezi kushuka kwa sababu ya mfinyanzi, na hayawezi kwenda kando kwa sababu ardhi haina mteremko wa kutosha. Vijidudu vya udongo vinamaliza oksijeni kwa siku chache. Oksijeni ikiisha vinageukia naitreti, ile naitrojeni iliyomo kwenye mbolea yako ya CAN, na hapo ndipo mbolea inapopotelea: inageuzwa gesi na kurudi hewani. Ndiyo maana njano ya kabichi haisikii mbolea. Mzizi hauna hewa, na hata ungekuwa na nguvu ya kula, chakula kimeshaondoka. Kumwaga mfuko wa tatu juu ya shamba lililolowa, kwa maoni yangu, ni kuchoma pesa, na nasikitika kwamba ushauri wa madukani mara nyingi ni huo huo wa kuongeza.

Baada ya naitreti inakuja zamu ya manganizi, kisha chuma. Chuma kilichokuwa kutu kinayeyuka na kusafiri na maji, nao udongo unapoteza wekundu wake. Tabaka lile lililopauka limepata rangi yake kwa njia hiyo. Mvua zikikatika, hewa inaingia kwanza kupitia matundu ya mizizi, chuma kinarudi kuwa kutu pale pale, na ndivyo vile vistari. Nikitaka kuhakikisha, huwa natembea na kichupa cha dipiridili, kemikali ya kupimia chuma: matone machache kwenye donge lililovunjwa muda huo huo, na likigeuka rangi ya waridi, hapo kuna chuma kilichoyeyuka.

Mwaka 1970 Robert Brinkman, mtaalamu wa udongo, alieleza kwamba mzunguko huo wa kulowa na kukauka unaweza kuula mfinyanzi wenyewe. Chuma kikiyeyuka kinachukua nafasi ya kalisi, magnesi na potasi zilizoshikwa na mfinyanzi, nazo zinasombwa. Udongo ukikauka, chuma kinageuka kutu na kuacha asidi, na asidi ile inautafuna mfinyanzi. Rudia hivyo kwa maelfu ya miaka, tabaka la juu litakuwa jepesi na chachu, na la chini litabaki zito. Ni maelezo mazuri, lakini si kila planosoli inayafuata. Wapo waliopima wakakuta mfinyanzi ulisafirishwa tu kutoka juu kwenda chini, au kwamba majivu yalianguka kwa awamu mbili tofauti tangu mwanzo. Kwa Kinangop, penye historia ndefu ya volkano, mimi nashuku kuna zaidi ya sababu moja, na kwa mkulima tofauti hiyo haibadilishi kitu.

Asidi, hata hivyo, inambadilishia mambo. Udongo wa juu hapa mara nyingi unahitaji chokaa. Ukipima pH, yaani kipimo cha asidi (ikiwa chini, asidi ni nyingi), shambani wakati umelowa, inaweza kusoma juu kuliko ile ya maabara, kwa sababu kuyeyuka kwa chuma kunameza asidi kwa muda. Maabara hukausha sampuli kwanza. Amini ya maabara, maana chokaa unaitia kwa ajili ya msimu mzima.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba shamba lililokuwa bwawa mwezi wa Mei linanyauka upesi mvua zikikatika. Mizizi iliogopa kushuka, ikakaa katika zile sentimita chache za juu. Tabaka hilo likikauka, chini kuna maji, ila yameshikwa na mfinyanzi na hakuna mzizi uliofika huko. Msimu mmoja, hasara mbili.

Kuhusu dawa, nianze na isiyofaa: kulima kwa kina kirefu kwa trekta ili "kuvunja mwamba". Si mwamba. Ni mfinyanzi uliolowa, na jembe la trekta likipita linaupaka na kuuziba badala ya kuupasua, au linauleta juu ukakae mahali pa udongo mzuri. Mabomba ya kuzikwa nayo hayasaidii yakilazwa ndani ya mfinyanzi, kwani maji hayatayafikia. Maji ya kuondoa yako juu ya mpaka, basi mfereji uyakate hapo: ushuke hadi mpakani, uingie kidogo kwenye mfinyanzi, ukate mteremko kwa upana, na uwe na mwinamo wa nusu mita kwa kila mita 100 hivi. Ndani ya shamba, inua matuta. Viazi vikae juu ya tuta la kama sentimita 30, ama ulime vitalu vipana vilivyoinuka katikati na maji yashukie kando. Matuta pia yanapunguza mnyauko wa bakteria, ambao husafiri na maji kutoka mmea mmoja hadi mwingine.

Kwa mifugo, sehemu zenye maji ndizo makazi ya konokono wanaobeba minyoo ya ini, na kondoo wanaoshinda humo wanaoza kwato. Zizungushie ua wakati wa mvua. Huo huo mfinyanzi una faida yake: kidimbwi kilichochimbwa ndani yake mara nyingi kinashika maji bila karatasi ya nailoni, jambo ambalo jirani wa udongo mwekundu kule juu halipati. Choo cha shimo, kwa upande wake, kitajaa maji. Kijengwe kwa kuinuliwa.

Na zipo ekari ambazo ningeziacha nyasi. Mimea ya asili ya uwanda huu ni nyasi za mashungi, zilizozoea kusimama majini na kisha kukauka, na ndimo anamoishi Macronyx sharpei, ndege mwenye kifua cha njano asiyepatikana nje ya Kenya. Tangu mashamba ya walowezi yalipoanza kugawanywa kwa wakulima wadogo kuanzia mwaka 1962, nyasi hizo zimelimwa au kupandwa mikaratusi, na ndege huyo sasa yuko hatarini kutoweka. Pale ambapo mpaka wa mfinyanzi uko karibu, kina kisichofika sentimita 20, viazi havitakulipa hata hivyo. Ng'ombe wa maziwa atakulipa.

Kilichobaki ni maji ya mfereji yaende wapi. Mashamba yamegawanywa vipande vyembamba, na mfereji wako ukiishia kwenye ua ndio mwanzo wa mafuriko ya jirani. Kabla ya kuchimba, tembea na walio chini yako mpaka mtoni au kwenye mtaro wa barabara, mkubaliane njia, na mchimbe pamoja. Februari ni mwezi mzuri: udongo mkavu, kuta za mfereji zinasimama, na mpaka wa kijivu unaonekana vizuri kwa macho.