Protini za mshtuko wa joto: kinga inapolifananisha jicho na bakteria

Protini za mshtuko wa joto ni zile ambazo seli huzitengeneza kwa wingi ikibanwa na joto, sumu, ukosefu wa oksijeni au maradhi. Jina limetokana na joto kwa sababu ndilo lililozifichua. Mwitaliano Ferruccio Ritossa alikuwa akichunguza kromosomu za nzi wadogo wa matunda, joto la kabati la maabara likapandishwa bila yeye kujua, naye akaona sehemu fulani za kromosomu zimefura: jeni za hapo zilikuwa zimeamka. Alilitangaza jambo hilo mwaka 1962.

Kazi ya protini hizi ni kama ya kungwi. Protini huzaliwa kama uzi mrefu, na uzi huo usipokunjwa sawasawa haufai kitu. Joto likizidi, nyuzi hulegea na kunatana. Protini ya mshtuko huzishika, huzielekeza, kisha huziacha zikaendelee na shughuli zake.

Hakuna kiumbe kinachoweza kuishi bila huduma hiyo, ndiyo maana protini hizi zimebadilika kidogo sana toka bakteria hadi binadamu. Chukua inayoitwa HSP60. Yetu na ya bakteria hazifanani kama shilingi kwa ya pili, lakini karibu nusu ya asidi amino zake, yaani punje zinazounda ule uzi wa protini, ni zilezile, na zimepangika vilevile. Sasa kinga ya mwili huichukulia protini ya bakteria kuwa alama ya adui. Seli T, yaani seli nyeupe za damu ambazo ni askari wa kinga, zilizozoea kuiwinda zinaweza kukutana na kipande kinachoshabihiana nayo ndani ya mwili wenyewe, zikakivamia.

Kwa nini jicho? Tabaka lake la kati, uvea, limejaa mishipa ya damu, hivyo seli za kinga zikichochewa hufika hapo kwa urahisi. Uvimbe wake huitwa uveitisi: jicho huwa jekundu, huuma, mwanga hulichoma, na kuona huingia ukungu. Nasisitiza hili kwa sababu watu wengi huudhani ni ule ugonjwa wa macho mekundu wa kuambukizana, wakakaa wiki nzima na dawa ya matone ya kununua dukani, huku jicho likiharibika ndani. Jicho jekundu linaloogopa mwanga lipelekwe kwa daktari wa macho siku hiyohiyo.

Mfano uliochunguzwa sana ni ugonjwa wa Behçet, uliopewa jina la Hulusi Behçet, daktari wa ngozi wa Istanbul aliyeueleza mwaka 1937: vidonda vya mdomoni, vidonda vya sehemu za siri, na uvimbe wa macho unaoweza kupofusha. Unaonekana zaidi katika nchi za kuanzia Uturuki hadi Japani. Madaktari waliona kwamba baadhi ya wagonjwa huzidiwa baada ya kutibiwa meno, wakashuku bakteria wa kinywani, hasa streptokoki. Huko London, Thomas Lehner na wenzake wakakuta seli T za wagonjwa zinaitikia vipande vya protini ya mshtuko ya bakteria, na pia kipande kinacholingana navyo katika HSP60 ya binadamu, asidi amino ya 336 hadi ya 351. Panya waliopewa kipande hicho walipata uveitisi.

Hata hivyo, bakteria peke yao hawatoshi kueleza ugonjwa. Sote tumebeba bakteria wenye protini hizi mdomoni na tumboni, na walio wengi hawaugui. Urithi una sehemu yake: jeni ya HLA-B51 huongeza uwezekano wa Behçet.

Tena protini hizihizi zinaweza kutuliza. Mwaka 2004 kundi lilelile la Lehner lilitoa taarifa ya wagonjwa 8 wa Behçet walionyweshwa kile kipande cha 336 hadi 351, kikiwa kimeunganishwa na sehemu isiyodhuru ya sumu ya kipindupindu, ili kinga ijifunze kukivumilia kupitia utumbo. Watano kati yao waliachishwa dawa za kupunguza kinga bila uveitisi kurudi.